Kadi Inasema Petroli

Winchi ya Singano imefungwa kwenye pande la reli
alilolinunua Gofu, kwa nani hasemi.
Anavuta mnyororo. Pikapu inanyanyuka mabega
na injini ya baba inaning'inia hewani,
inachuruzika oili kwenye beseni la kufulia
ambalo nyumbani sitalirudisha.

Miaka thelathini na moja.
Imebeba machungwa ya Muheza, mabati, maiti wawili,
kabati la harusi ya shangazi Mwanakombo,
na kila mpando baba aliipigapiga dashibodi:
twende mama, twende.
Siku hizi lita moja haifiki kilomita tano
na pistoni ya tatu imekufa ganzi.

Hii ngeni imetoka kwenye Haisi iliyobinuka Segera.
Nilitaka kuuliza. Singano akanikatiza:
"Chuma hakiwekewi matanga, dada. Nipe spana kumi na saba."
Ila nilimwona alivyoifuta kwanza,
taratibu, kwa kanga kuukuu,
kabla hajaitia bolti hata moja.

Haikuingia.
Sampo iligonga chesisi,
maunti ya kushoto ikapishana na tundu lake vidole viwili.
Singano akapima kwa kamba ya kiatu, akapima tena,
akachora kwa chaki sakafuni, akafuta kwa ndala,
akaenda kuswali.
Akarudi na kipande cha trekta la shamba la mkonge:
"Hiki kilikuwa kinalala bure."
Cheche zikaruka. Kaniki, mwanafunzi wake,
akageuza uso ukutani kama aliyetukaniwa mzazi.

Siku ya nne feni imekaa jirani na rejeta
kama mdomo na sikio la mwenye siri.
"Itapita?"
"Ikipita unga, itapita na hewa."
Sikuelewa. Nilimlipa nusu.

Siku ya sita akazungusha ufunguo.
Moshi mweupe, kikohozi, kimya.
Moshi tena. Halafu ikanguruma
kama kinu cha kukoboa mpunga,
na vikombe vya mama ntilie wa jirani
vikaanza kutembea mezani.

Kadi bado inasema petroli.
Namba iliyoandikwa humo iko Mabawa kwa mnunuzi wa skrepa,
kilo mia na thelathini na sita, bila karabeta.
Niliisoma kwa kidole mara ya mwisho
kama nilivyosoma ile namba ya kitanda, Bombo,
walipokuwa wameshabadilisha shuka.

Nikaiendesha hadi Makorora.
Zamani mama aliisikia tangu kona ya msikiti
na nikifika, maji ya chai yako jikoni.
Leo nimeegesha ukutani, nimeiacha ingurume,
na sauti yake ikatoka uani:
"Mwambieni wa takataka leo hatuna!"

Nikazima. Nikashuka.
Mlango wa dereva haushiki mara ya kwanza,
lazima uunyanyue kidogo, uubamize,
uubamize tena.

Ndala zikaja mbio.
Akatokea na mwiko mkononi, akatazama kiti,
kisha akanitazama mimi.
Akaweka kiganja kwenye boneti, akakiondoa upesi.
"Inakula nini?"
"Dizeli."
"Baba yako harufu yake ilikuwa inamtapisha."
Akanikabidhi mwiko, akakunja kanga, akapanda.
"Haya. Nizungushe mpaka Raskazone.
Na pole pole.
Haijatuzoea."