Nusu Kidonge

Upepo wa Julai hapa Nkuhungu haubishi hodi.
Unafika na vumbi lake, unashika bati lililolegea
juu ya jiko letu na kulipiga, kulipiga,
na Nyemo anaingia chini ya kitanda
anajing'ata kifundo cha mkono mpaka damu.

Madeje amepanda na nyundo mara tatu.
Kagongelea misumari hadi bati likawa kama chujio.
Lakini upepo una mabati ya majirani.

Mimi nauza zabibu sokoni Majengo, kwa kilo.
Najua kupima. Najua kidole cha mwizi
kinavyojilaza pembeni mwa sahani.
Usiku ule niliiweka mizani mezani
na juu yake kidonge kimoja, cheupe,
chenye mstari katikati.
Mshale haukusogea.
"Umeona," akasema Madeje, "hakina uzito."
"Au mizani yetu," nikasema, "inajua zabibu tu."

Kikaratasi cha ndani ya boksi kilikunjwa mara nane,
herufi ndogo kuliko punje za uwele.
Mwalimu Chilongani alitusomea, miwani puani:
huenda akakosa usingizi. Huenda akalala mno.
Huenda akasusa chakula. Huenda akanenepa.
Huenda, siku za mwanzo, hofu ikazidi.
"Hii huenda," Madeje akauliza,
"huwa inaenda wapi?"

Daktari, binti mwenye kucha fupi, hakutudanganya.
"Haitibu usonji. Usonji si homa, hatuushushi.
Hii ni ya hofu. Na hofu nayo ina madhara yake,
ila haikuja na kikaratasi."

Njia nzima Madeje alimtaja mjomba wake,
aliyemeza dawa za kichwa enzi zile
akawa gunia la karanga:
ukiliegemeza linakaa.
Mimi sikutaja mtu. Niliwaza ule mvumo
anaoutoa Nyemo kooni asubuhi, mmmm,
akipanga vizibo vya soda kwa rangi.
Hajawahi kutamka jina lake.
Nadhani analitamka hivyo.
Sasa kidonge kikiingia kufukuza hofu,
kitajua nani mgeni, nani mwenye nyumba?

Halafu nikamfungua kitambaa kumwosha.
Kovu juu ya kovu, kama gome.
Tangu Juni hajaiona shule.

Jumapili, Madeje ndiye aliyeshika kisu,
kile cha vitunguu, kakiosha mara mbili.
Alikata penye mstari akiwa kabana pumzi.
Hatukukificha kwenye uji.
Nilimwonyesha Nyemo: hii ni ya upepo.
Akakinusa. Akakiweka kwanza
mwisho wa safu ya vizibo vyeupe,
akakitazama kikikaa na wenzake,
nasi tukangoja kama watu wa foleni.
Kisha akakimeza.

Daftari, mwandiko wa Madeje:
*Siku ya nne. Hajalala. Tumehesabu naye malori
ya barabarani mpaka saa tisa usiku.*
*Siku ya tisa. Zabibu tatu. Uji kauacha.*
*Siku ya kumi na moja. Tumbo. Nimepiga simu, daktari
kasema tusizidishe, tusiache ghafla.*
*Siku ya kumi na saba. Upepo. Viganja masikioni.
Hakuingia chini ya kitanda.*
*Siku ya kumi na nane. Kimya.*

Chini ya "kimya" aliandika neno, akalifuta
kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

Kumekucha leo, vizibo viko sakafuni, kijani, chungwa,
na mtoto anapanga bila sauti.
Bati linagonga kwa jirani.
Tunatazamana mimi na Madeje, kila mmoja
na swali lake, na kila mmoja
akiogopa kulisikia kwa mwenzie.
Basi Madeje, anayenyoa ndevu mlangoni,
povu shavuni, mwanamume asiyeimba hata kanisani,
anaanza: mmmm.
Vibaya. Chini mno.
Nyemo anainua kichwa.
Anamsikiliza, uso umekunjamana,
kisha anamsahihisha:
mmmm. Juu kidogo.
Madeje anajaribu tena.