Mvumo

Kazi yangu mimi ni nyaya.
Huzikunja kwa duara kubwa viganjani, si kiwikoni,
maana Sabela alinionya siku ya kwanza:
waya una kumbukumbu, ukiupinda vibaya
nao utakupinda siku ya onyesho.

Mwezi wa pili mvua ya Galisia hainyeshi, inakaa.
Tulitoka na mashua ya Evaristo hadi kwenye chelezo za kome.
Injini ikazimwa. Sabela akaishusha maikrofoni majini
polepole, kama mtu amlazaye mtoto aliyesinzia begani,
mita tatu, mita saba, mita kumi na moja,
kisha akanivika hedifoni.

Nilidhani nitasikia maji.
Maji hayamo.
Mle mna minyororo inayolalamikia chuma chake,
mna kamba nzito za kome zikisuguana, kwiri, kwiri,
mna kome wenyewe wakijifumba, ta, ta-ta, ta,
kama milango ya mtaa usiotaka mgeni.
Na chini ya yote, mbali, mvumo mmoja
usiopanda, usioshuka.
"Umeme," akasema, uso kaukunja.
"Majokofu ya kiwandani. Nitauchuja."

Miezi minne alijifungia na kompyuta.
Alichukua ta moja ya kome
akaivuta ikawa ndefu kama saa ya mwisho ya mfungo.
Aligeuza mnyororo kinyumenyume, ukawa pumzi.
Alizishusha kamba oktava tatu
hata kikombe changu cha kahawa kikatembea chenyewe mezani.
Na ule mvumo aliutoa, mwembamba, kwa ustadi,
kama mtu amtoleaye mgonjwa miiba ya samaki.

Onyesho lilikuwa ndani ya kiwanda cha zamani cha dagaa wa makopo.
Spika kumi na sita, nilizitundika mwenyewe
kwenye kulabu zilezile za mizani.
Walikuja watu wa mjini wajuao muziki huu;
walikuja pia, safu ya nyuma, makoti hawajavua,
wanawake waliopanga dagaa humo miaka thelathini.

Giza. Bahari ikapanda migongoni mwetu,
ikapita juu ya vichwa, ikavunjikia mlangoni.
Watu wa mjini walisimama wakapiga makofi.
Dorinda hakusimama.
Alingoja nimalize kukunja waya wa tatu, ndipo akamwita Sabela.

"Binti, ni nzuri. Ila bahari hii haina kazi.
Sisi hatukuwahi kuisikia bila mashine.
Usiku mashine ikizimika, mtaa mzima tuliamka,
tukijua kesho hakuna ujira.
Hii yako ni bahari ya mtu aliyekuja kuogelea."

Sabela akafumbua kinywa. Akakifumba.
Kama kome, niliwaza, nikaona haya kuwaza hivyo.

Saa nane za usiku tulikuwa bado humo,
yeye sakafuni, kompyuta mapajani,
akiitafuta taka aliyoitupa.
Alipoupata hakuuvuta, hakuugeuza, hakuupamba.
Aliurudisha mzima mzima, chini ya kila kitu,
kwa sauti ya mtu anayefanya kazi chumba cha pili.

Onyesho la pili, watu kumi na wanne. Mvua.
Dorinda alikaa kiti kilekile.
Mvumo ulipoingia sikumtazama uso, nilitazama mikono.
Vidole vyake mapajani vilikuwa vinapanga:
kichwa, mkia, kichwa, mkia,
dagaa wasiokuwapo, mkebe baada ya mkebe,
kasi ambayo macho yangu yalishindwa kuifuata.

Mwishoni Sabela alizima kila kitu,
akaubakiza mvumo peke yake, muda mrefu,
hata mtu mmoja wa mbele akatazama saa.
Kisha, bila onyo, akauzima nao.

Vidole vikasimama hewani.
Mkebe ulikuwa haujajaa.