Jogoo Kichwa Chini

Mto Ngong uliingia bila hodi saa nane za usiku
ukabeba jiko letu kwanza.
Jiko, si godoro. Si redio.
Kama mwizi aliyeelekezwa.

Kulipopambazuka tulikuwa watu kumi na tisa
juu ya paa la zege la ghala la mitumba, Mukuru,
na mvua imenyamaza kidogo
kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kuendelea kutukana.
Chini yetu, viatu vya watu vilielea kuelekea Embakasi.

Fundi Mutinda ndiye aliyeokoa gunia la unga wa mbao.
Usiku tulimcheka: mtu anaacha kitanda, anabeba takataka!
Asubuhi hakuna aliyecheka.
Alichukua mkebe wa rangi, akautoboa ubavuni, chini kabisa,
akasimamisha chupa ya soda katikati,
akashindilia unga kandokando kwa ngumi,
polepole, kama anayemlaza mtoto msumbufu.
Kisha akaizungusha chupa, akaichomoa.
Likabaki shimo.
"Hilo ndilo jiko," alisema. "Mkebe ni nguo tu."

Lakini moto hauwashwi kwa maneno, na karatasi zote zilikuwa uji
ila moja: daftari la madeni la Gichohi wa duka,
alilolifunga kwa nailoni, akalivaa kifuani.
Tulimtazama. Akatazama mto.
Akachana kurasa tupu za nyuma. Hazikutosha.
Ndipo akaanza za mbele, akisoma kila jina kabla ya kulichoma:
Nafula, sukari nusu. Mutinda, sigara mbili, mara nne.
Mama yangu, unga, unga, mafuta ya taa, unga.
Na kila aliyetajwa alijibu, "Nitalipa,"
kama darasani mwalimu anapoita majina.

Wali ulichemka mara moja tu, tukauepua mbichi,
tukaifunga sufuria kwa koti la babu yake Kerubo
na blanketi mbili, tukaiacha gizani.
Wali ule uliiva kwa kuukumbuka moto.

Na mama, aliyepigia nguo za watu wa South B pasi miaka kumi na mmoja,
akaitoa pasi yake ya makaa, ile yenye jogoo wa shaba,
akachota makaa ya kwanza, akafunga, akaipindua
kati ya matofali mawili, tumbo juu.
Jogoo akining'inia kichwa chini, mdomo ameubana.
Akazungusha ukingo wa unga uliokandwa pembeni mwa chuma
ili yai lisitoroke,
akapasua yai.
Sijasikia tena sauti kama ile.
Watu wazima walisogea kama kuku.

Mvua iliporudi, vijana walitaka kushusha turubai pande zote.
Mama akakataa. "Upande mmoja ubaki wazi. Tulowe."
Wakanung'unika. Hakuwapandishia sauti.
Aliwauliza tu kama wanamkumbuka Moraa wa chumba cha sita,
ile baridi ya Julai, mlango umefungwa, jiko ndani,
na jinsi tulivyogonga.
Makaa hayapigi kelele.
Tukalowa, upande mmoja wa kila mtu.

Siku ya tatu maji yalishuka, yakatuachia tope na jokofu la mtu tusiyemjua.
Gichohi alifungua duka kabla ya kulipangusa.
Mama alipokwenda kuomba unga, akidhani ukurasa wake ni majivu,
alimkuta amefumba macho, anahesabu kwa vidole:
"Unga, unga, mafuta ya taa, unga."
Kisha akampimia mwingine.

Shule ilipofunguliwa, shati langu lilipigwa pasi ileile,
jogoo amesimama sawasawa.
Kwenye ukosi ukabaki mviringo wa kahawia, mdogo.
Mwalimu aliuliza ni doa la nini.
Sikujibu. Nilikuwa nimeinamisha kichwa,
nanusa.