Sura ya Tano

Saa kumi na moja alfajiri nakimbia, Mabibo mpaka Ubungo,
mgongoni mfuko wa mchanga,
mchanga uleule ninaoupima maabara,
wa kingo za Msimbazi zinazomegeka.

Dokta Lyakurwa kazungushia wino mwekundu:
“Hitimisho liko wapi, Sikudhani?”
Sijamwambia usaili wa kadeti ni Jumatatu.

Lugalo, daktari alinihesabu meno,
akanigonga goti, akaandika: Anafaa.
Neno moja.
Miaka mitatu Mlimani
sijapewa jibu fupi kama hilo.

Usiku baba, sajini mstaafu, anapiga simu kutoka Songea:
“Ukivishwa nyota, saluti nitapiga mimi.”
Anacheka.
Kisha kimya,
na naapa nasikia visigino vyake vitupu
vikigongana.