Kukanda Bawa

Ndege alimgonga ndege.
Ndivyo nilivyoandika kitabuni, na mkaguzi akacheka
mpaka akavua miwani:
mwewe, juu ya mikonge ya Pongwe, asubuhi kweupe,
na ukingo wa bawa la kushoto ukapasuka
upana wa kisahani cha kikombe.

Tuliziba. Tabaka sita za kitambaa cha kioo,
na gundi ya mikebe miwili, ile isiyotaka haraka
wala baridi.
Nyuzi ishirini na tano, karatasi yake inasema,
saa kumi na mbili bila kushuka,
ama sivyo itabaki tepetepe ndani
kama mkate wa kumimina ulioepuliwa upesi.

Na sisi tuko Julai.
Watu wa bara hawaamini kwamba Tanga ina baridi.
Waje walale ndani ya banda la ndege usiku wa kipupwe:
bati juu, saruji chini,
mlango mkubwa umekwama dhiraa moja kabla ya kufunga
tangu gurudumu lake liliwe na chumvi,
na kusi inaingia pale kama mwenye nyumba.

Fundi Shemdoe alikaa miaka minne
katika nchi ambako oili huganda ndani ya injini.
Kule, anasema, mabomba ya maji ya moto
yamelazwa ndani ya sakafu,
maana joto ukilipuliza hewani
linapanda zake darini kuwapasha popo,
na wewe huku chini meno yanagongana.
"Pasha kitu chenyewe. Hewa haina shukrani."
Kisha akaitazama sakafu yetu,
nyufa zake, madoa ya grisi,
akanyamaza.

Mkaa hapana. Mvuke wa petroli hauna simile.
Tukaning'iniza balbu nne za kuangulia vifaranga,
tukalizungushia bawa mablanketi,
kipimajoto tukakichomeka kwapani mwake.
Saa tatu usiku: ishirini na sita.
Fundi akajinyoosha juu ya boksi la vipuri, akakoroma.

Saa nane umeme ukakatika
Chumbageni yote, uwanja wote.
Ishirini na tano.
Ishirini na nne na nusu.

Nikampigia mama.
Mama kakanda wazazi wa mtaa mzima,
kafunga mikaja isiyo na idadi,
na hakuniuliza kwa nini namwamsha.
"Mzazi wa nani?"
Nikamwambia ni bawa.
Akakaa kimya kidogo, namsikia akitafuta kandambili.
"Chupa usizijaze hadi mdomoni, utamuunguza.
Zifunge kwa kanga kuukuu, mpya haishiki joto.
Na zibadilishe kabla hazijapoa, si baada.
Baada ni kazi bure."

Basi tukawasha kuni nje, mbali, nyuma ya uzio,
sufuria la mlinzi Mhando, lile la makande,
na chupa za maji tulizookota jalalani
zikawa zinajikunyata kwa moto, tukazijaza vivyo hivyo.
Mhando anakimbia nazo kifuani kama mwizi wa kuku.
Mimi nazipanga, moja moja, chini ya blanketi,
naingiza mkono, natoa, naingiza.
Sweta langu nililivua saa tisa
nikaziba nalo upenyo wa mwisho.
Ishirini na nne.
Ishirini na nne.
Ishirini na tano na kitu.

Sijui nililala saa ngapi.
Nilipofumbua macho mwanga ulikuwa umeshika ule uwazi wa mlango,
na fundi ameinama juu ya kidonda
na sarafu ya shilingi mia mbili,
anagonga, anasikiliza.
Palipo pazima hulia *kli*.
Palipo na ugonjwa hujibu *dup*, kama ngoma iliyolowa.
*Kli*, anasogea. *Kli*.
Kwenye ukingo akasita, akarudia mara mbili,
akazungushia penseli mahali padogo, kama ukucha.

Simu ikaita. Mama.
"Haya, mzazi kaamkaje?"
Nilikuwa natetemeka, sweta bado li kwake.
Nikasema: hajambo.
Ila bado yumo arobainini, mama.