Wati Mia na Ishirini

Pikapu ya Nandonde imebeba korosho misimu tisa
na mlango wa kushoto umeliwa na kutu
pale alipoandika jina la mwanawe kwa rangi iliyobaki ya choo.
Leo imelala uani kwangu, Masasi,
nami niko juu ya paa lake, peku,
bati linanifundisha kucheza.

"Somoe," alisema, "nataka tukalale porini.
Lukwika, siku tatu. Mimi, mke wangu, na mama.
Niwe na taa. Niwe na friji ya soda. Simu isizime."
Unakwenda kuwinda? Hapana.
Kulinda shamba? Hapana.
Sasa porini unafuata nini?
"Kulala," akasema, akatazama pembeni
kama mtu aliyekiri deni.

Nikatoboa matundu manne.
Kutoboa gari la mtu ni kutoboa sikio la mtoto wa mwenzio:
unauliza mara tatu, unabana pumzi,
halafu drili inalia kwa niaba ya wote.
Silikoni. Washa. Nati. Kaza, ila usikaze na hasira zako za nyumbani.
Waya mwekundu na mweusi nimezipitisha
kwenye kipande cha kandambili
ili bati lisizitafune barabara ya Nanyumbu.
Na fyuzi. Fyuzi kabla ya yote.
Niliwahi kuunguza betri ya msikiti kwa kusahau kitu cha shilingi mia tano
ambacho kazi yake ni kukubali kufa kwanza,
na mpaka leo imamu akinisalimu
ananisalimu kwa swali.

Nandonde akasogeza gari chini ya mkorosho.
Adabu tu. Kwetu mgeni huwekewa kiti kivulini,
na paneli hii ni mgeni.
Kidhibiti kikasoma wati tatu.
Jani moja, Nandonde! Kivuli cha jani moja
na paneli nzima inanuna.
Akalirudisha gari katikati ya uwanja,
akasimama kulitazama likiungua peke yake,
mikono nyuma, kama aliyemkosea mtu.

Arobaini. Sabini na tatu. Tisini na sita.
Mia na ishirini haikufika.
Haifiki, nikamwambia;
ile ya kwenye karatasi ya kiwandani
ni mahari ya kutajwa, si ya kulipwa.

Walinichukua na mimi,
sijui kwa kuniamini au kwa kutoniamini.
Mama yake, Bibi Nantindi, alikaa mbele na mkeka wake mapajani.
Usichana wake uliishia juu ya dungu,
akipiga debe usiku kucha, nguruwe wasimalize mahindi.
"Tulilala porini miaka sita," alisema tulipopita Mangaka,
"na hakuna aliyetuambia kuwa ni starehe."

Usiku taa ikawaka. Friji ikakoroma.
Nandonde akafungua soda, akaiinua, baridi ikamtoka machozi
(yeye alisema ni gesi).
Bibi akawasha moto wake hata hivyo,
akaipa taa mgongo.

Saa nane nikaamka kuangalia betri,
kama unavyogusa paji la mtoto.
Kumi na mbili nukta nane. Haijambo.
Bibi alikuwa macho.

"Hilo humo ndani ni lile jua la mchana?"
Ndilo, bibi.
"Mnalila usiku?"
Kidogo kidogo.
Ng'ambo ya mto kitu kizito kikavunja tawi,
kikasita, kikaendelea na safari zake.
Bibi akasukuma kuni.

"Basi msilimalize," akasema.
"Nimeacha makopa juu ya mawe tangu Jumanne."