Hina Haioti

Mwosha hafichui alichokiona kwa maiti.
Nisamehewe basi; hii siihesabu kuwa aibu.

Tulimlaza Bibi Shinuna chumba cha nyuma, Mabela,
majani ya mkunazi kwenye ndoo, kiyoyozi kikikohoa.
Miaka themanini na minane, mvi tupu.
Ila kisogoni, shangazi Ghaliya alipomfumua,
kishungi kimoja chekundu, chekundu hadi kwenye ngozi.
Siku zote tuliambiwa: hina ya Bibi hiyo, haitoki.
Lakini alikuwa kitandani miezi minane,
na hina haioti.
"Mwaga maji," shangazi akasema.

Kwa ami Nassor, ukutani, upo mti wetu,
wino wa dhahabu, fremu ya kioo,
majani mia mbili na kumi na saba, yote wanaume.
Mama yake mwenyewe hayumo.
Siku ya tatu ya matanga nilikaa chini ya mti ule na kahawa yangu
nikitafuta mlango ambao rangi ile iliingilia.

Muadh, mtoto wa kaka, ndiye aliyeagiza kile kichupa.
Nikatema mate, tukakituma.
Jibu likaja: Ayalandi, kumi na mbili katika mia,
na jina moja, karibu mno: Fintan Considine,
daktari wa ng'ombe, mstaafu, jimbo la Clare.

Aliandika kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi asikojulikana.
Babu yake alikuwa karani wa simu za waya, Unguja.
Alirudi kwao na binti wa miaka minne.
Majirani waliambiwa mtoto ni wa Kihispania.
"Mama hakutaja kwao hata mara moja.
Ila jikoni, kile cha kuchotea mchuzi, alikiita upawa.
Tulidhani ni Kiayalandi cha kale.
Nimewauliza walimu wa lugha yetu, hakuna anayelijua.
Je, kwenu linajulikana?"

Sikujibu usiku ule.
Nilikwenda jikoni nikawasha taa.
Ulikuwa msumarini, kifuu cheusi, mpini umefungwa waya wa shaba,
ulivuka na Bibi ndani ya gunia la nguo.
Wa miaka minne alichukuliwa; wa kunyonya akaachiwa mama.
Bibi alijua? Alisema yeye ni mtoto wa pekee,
na kila akisema hivyo alikuwa akifuta mikono.

Alifika Novemba, masikio mekundu tangu uwanja wa ndege.
Ami Nassor alishapanga: "Mkiulizwa, ni mhandisi wa mabomba."
Shangazi alishika ushungi, hajui aukaze au aulegeze:
"Huyu ni maharimu au si maharimu?"
Tukahesabu kwa vidole. Mtoto wa mama mkubwa.
"Kumbe hata kuoana ingejuzu," akasema, akacheka,
kicheko cha kwanza tangu msiba.

Wakati wa kula Fintan alinyoosha mkono.
"Apawa," alisema,
neno limepinda kwa baridi ya huko.
Ami ndiye aliyekuwa karibu nao. Akampa.

Baada ya alasiri walitoka wawili kwenda makaburini.
Mlangoni ami alivua kofia yake, akamvisha mgeni,
akaishusha mpaka kisogoni.
"Jua," alisema.
Jua lilikuwa limeshapoa.